Dhahabu Si Dawa: Kuhusu Kuieleza Tiba ya Mwanga kwa Kiswahili

Kwa karne nyingi sonara wa Lamu na Mombasa ameitia dhahabu motoni ili ilainike na kuutii mkono wake. Katika tiba moja ya saratani iliyobuniwa Marekani, mambo yamegeuzwa: dhahabu ndiyo inayofanywa kuwa moto. Punje zake, ndogo mno hata hazionekani kwa jicho, hutiwa katika mshipa wa damu wa mgonjwa, huachwa zifike penye uvimbe, kisha uvimbe humulikwa kwa mwanga wa leza. Punje huupokea mwanga huo na kuugeuza kuwa joto, na joto hilo huziua seli za saratani zilizo karibu nazo.

Msomi wa Kiswahili akiombwa kumsimulia nyanya yake habari hii, jina la kwanza litakalomjia ulimini ni "dawa ya dhahabu". Jina hili ni fupi, lina mvuto na halihitaji kamusi. Hata hivyo, ni jina lenye kosa, na kosa lenyewe si la mtindo tu. Ni kosa linaloweza kumdhuru mgonjwa. Makala haya yanashikilia kwamba katika kuileta sayansi hii ndani ya Kiswahili, maelezo ya jinsi jambo linavyotendeka yanapaswa kulitangulia jina lake, na kwamba wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, waliozoea kuanza na istilahi, wamekuwa wakiipita njia hii kinyumenyume.

Ili kosa hilo lionekane, sharti kwanza ijulikane kazi yenyewe inavyofanyika. Dhahabu ya pete ina rangi ya manjano iliyozoeleka. Ikigawanywa hadi ikawa punje za upana wa nanometa chache tu (nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita), manjano hayo hutoweka. Mwaka wa 1857 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliwaeleza wenzake wa London kuhusu maji yenye punje za dhahabu yaliyokuwa mekundu kama yakuti. Dhahabu ilikuwa ileile; kilichobadilika ni ukubwa wa vipande vyake.

Sababu yake inaweza kuelezwa kwa pembea. Anayemsukuma mtoto kwenye pembea anajua kwamba nguvu si kitu. Kitu ni wakati. Akisukuma kila pembea inapoanza kuondoka kwake, hata kwa kidole, mtoto atapaa; akisukuma ovyo, atachoka bure. Ndani ya punje ya dhahabu zimo elektroni zinazoweza kuyumba pamoja huku na huku, na mwanga ni wimbi linalozisukuma. Rangi ya mwanga inayosukuma kwa mwendo uleule wa kuyumba kwao huzifanya ziyumbe kwa kishindo, na punje ikameza mwanga mwingi kuliko mtu angevyotarajia kwa udogo wake. Nishati hiyo iliyomezwa huishia kuwa joto.

Kwa punje za kawaida za duara, rangi hiyo ni ya kijani, na hapo ndipo palipokuwa na kikwazo. Mtoto aliyewahi kuiziba tochi kwa kiganja usiku ambapo stima zimepotea ameona kwamba nyama ya mkono hung'aa kwa wekundu pekee. Kijani na samawati humezwa na damu njiani. Mwanga unaopenya mwilini vyema zaidi ni ule ulio ng'ambo kidogo ya nyekundu, usioonekana kwa jicho, uitwao infraredi. Punje ya kawaida haiushughulikii. Naomi Halas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, walikitegua kitendawili hicho mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kuunda punje yenye kiini cha silika (silika ya mchanga na kioo, si ile ya tabia) kilichovishwa ganda jembamba la dhahabu. Kwa kubadilisha unene wa ganda ukilinganishwa na kiini, waliweza kuichagua rangi ya mwanga itakayomezwa, wakaisogeza hadi kwenye infraredi. Punje zilizokuja kutumiwa kwa wagonjwa zina upana wa nanometa zipatazo 150. Hamsini kati yake zikipangwa mstari mmoja hukaribia upana wa chembe moja nyekundu ya damu.

Mostafa El-Sayed, mwanakemia aliyezaliwa Misri na kufanya kazi Georgia Tech mjini Atlanta, alilifikia lengo lilo hilo kwa njia nyingine. Mwaka wa 2006 yeye na wenzake, akiwamo mwanawe Ivan ambaye ni daktari wa upasuaji, walionyesha kwamba punje zenye umbo la kijiti nazo huumeza mwanga wa infraredi na kuziua seli za saratani katika maabara. Afrika haimo nje ya hadithi hii kama inavyodhaniwa.

Je, kwa nini punje hizo zielekee kwenye uvimbe na si kwingineko? Uvimbe hukua kwa pupa, na mishipa yake ya damu hujengwa kwa pupa vilevile. Kama nyumba yoyote iliyojengwa hivyo, huvuja. Watafiti wa Japani, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, walilieleza jambo hili mwaka wa 1986. Punje zinazopita katika damu hupenya kwenye nyufa hizo zikabaki ndani. Mwaka wa 2003 Halas, mwenzake Jennifer West na kundi lao walichapisha matokeo ya majaribio kwa panya: uvimbe uliokuwa na punje ulipomulikwa, joto lake lilipanda kwa wastani wa nyuzi 37 hivi za Selsiasi katika muda wa dakika nne hadi sita. Uvimbe usiokuwa na punje, kwa mwanga uleule, haukufikisha ongezeko la nyuzi 10. Nyama ya mwili ikipata joto la kiwango cha kwanza huiva kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kwenye kikaango. Kwa kiwango cha pili hustahimili. Tiba yote imesimama juu ya tofauti hiyo.

Ilichukua miaka mingine kumi na sita kabla ya matokeo ya wanadamu kuchapishwa. Mwaka wa 2019 madaktari wa hospitali ya Mount Sinai, New York, wakiongozwa na Ardeshir Rastinehad, walitoa taarifa ya wanaume 16 wenye umri wa kati ya miaka 58 na 79 waliokuwa na saratani ya tezi dume ambayo haijaenea. Kila mmoja alitiwa punje katika mshipa, na siku iliyofuata nyuzi nyembamba za kupitishia mwanga zikaingizwa hadi kwenye tezi, leza ikawashwa. Tiba ilikamilika kwa 15 kati yao. Baada ya mwaka mmoja, vipande vya nyama vilivyochukuliwa mahali palipotibiwa havikuonyesha saratani kwa wagonjwa 13. Uwezo wao wa kukojoa na wa tendo la ndoa haukupungua kwa kiasi cha maana, na anayejua yanayowapata wanaume wengi baada ya kukatwa tezi nzima ataelewa kwa nini habari hiyo ilipokewa kwa furaha.

Sasa mtu na alirudie lile jina, "dawa ya dhahabu", akiwa na siku hizo mbili akilini. Siku ya kwanza mgonjwa hutiwa punje. Siku ya pili humulikwa. Punje peke yake, pasipo mwanga, haziui seli hata moja ya saratani. Zimechaguliwa kwa sababu dhahabu ni metali pole, isiyopata kutu na isiyopenda kuungana na vitu vingine. Dhahabu ingekuwa na tabia ya dawa, yaani ingefanya kazi popote inapofika, isingefaa hapa, kwa maana hufika hata kusikotakiwa. Mzee aliyeambiwa siku ya kwanza kwamba ametiwa dawa, na dawa ya dhahabu kwa hiyo, ana kila sababu ya kuamini kwamba ameshatibiwa. Kama nauli ni tatizo, kama nyumbani ni mbali, kama haoni dalili zozote mbaya, kipi kitakachomrudisha kesho yake? Jina ndilo litakalokuwa limemwambia kwamba si lazima.

Watafiti wenyewe walilielewa jambo hili. Katika anwani ya ripoti yao ya 2019 waliuita utafiti wao utafiti wa kifaa. Hawakuuita wa dawa. Punje hizo, kwa hesabu yao, ziko upande wa kisu na sindano, wala haziko upande wa kidonge.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya kihistoria: dhahabu imewahi kuwa dawa, na dawa halisi ya hospitali. Mwaka wa 1929 daktari Mfaransa Jacques Forestier alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa baridi yabisi kwa sindano za chumvi za dhahabu, na kwa miongo mingi baadaye sindano hizo zilitumiwa katika nchi nyingi. Hili ni kweli, nalo linaunga mkono hoja ya makala haya. Katika sindano za Forestier, dhahabu ilikuwa imefungwa katika mchanganyiko wa kikemia uliofanya kazi mwilini wenyewe, ukaleta nafuu na ukaleta madhara pia. Katika punje za Houston, dhahabu ni metali kavu inayongoja mwanga. Lugha inayoziita hizi mbili kwa neno moja inamnyima msikilizaji jambo ambalo angelihitaji zaidi kulijua.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya Kiswahili chenyewe, na lina uzito zaidi. Neno "dawa" katika Kiswahili ni pana mno. Ipo dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya kupaka ukutani. Ipo dawa ya mganga isiyonyweka wala kupakwa. Na wahenga walishasema kwamba dawa ya moto ni moto. Ikiwa rangi ya viatu ni dawa, mtu atauliza, kwa nini punje ya dhahabu ikatazwe? Jibu ni kwamba maana ya neno hutokana na mahali linapotamkiwa. Dukani, dawa ni pana. Katika wodi, mdomoni mwa daktari, neno lilo hilo hujikunja hadi kumaanisha kitu kinachomezwa au kudungwa ambacho chenyewe hupambana na ugonjwa. Wanafunzi wa pragmatiki hufundishwa jambo hili katika mwaka wa pili. Ajabu ni kwamba hulisahau wanapoketi kutafsiri.

Si "dawa" pekee inayotega mtego. "Mionzi" nayo imo. Mgonjwa wa saratani nchini Kenya huijua mionzi kama tiba ya mashine kubwa, tiba ambayo nguvu yake huvunjavunja viini vya uhai ndani ya seli, za saratani na za nyama nzima pia, na ambayo kwa sababu hiyo hupimwa kwa makini na kuwekewa kikomo. Mwanga wa infraredi hauna uwezo huo. Madhara yake ni ya joto tu, kama ya pasi. Anayeita tiba hii "mionzi ya leza" humtisha mgonjwa pasipo sababu, ilhali neno "mwanga" lipo, ni la kila siku, na ni sahihi. Kitenzi "kuchoma" ni kigumu zaidi kukikwepa, kwani hubeba maana ya kudunga na maana ya kuunguza kwa wakati mmoja, na tiba hii ina yote mawili: sindano leo, moto kesho. Mfasiri akiandika "utachomwa" bila kuongeza neno, msomaji hatajua ni siku ipi inayozungumziwa. "Chembe" nayo, ambayo wengi wangeitumia kutajia vipande hivi vya dhahabu, tayari ina kazi katika damu na katika biolojia ya shule, ambako wengine huitumia badala ya seli. Ndiyo maana makala haya yameona "punje" ni afadhali. Atakayepata neno bora na alilete, mradi aeleze kwanza kitu chenyewe ni nini.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililokosekana katika mijadala mingi ya istilahi. Wengi wanakumbuka jinsi vyama vya Kiswahili vyuoni vilivyotumia makongamano mazima kupimana nguvu kuhusu kompyuta, ngamizi na tarakilishi, kisha kuhusu rununu na simu ya mkononi. Wasemaji walikuwa hodari, na baadhi ya maneno yaliyobuniwa yamedumu. Lakini mtu angeweza kuuhudhuria mjadala huo tangu asubuhi hadi jioni na atoke pasipo kusikia sentensi moja ya Kiswahili inayoeleza mashine hiyo hufanya kazi vipi. Wakati huo mashine ilikuwa imeshaingia katika kila kibanda cha kupiga chapa, na waliokuwa wakiitumia walikwisha kuipa majina yao. Si kwamba istilahi hazihitajiki. Zinahitajika, na kazi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka wa 1990 haipaswi kubezwa na yeyote. Tatizo ni kudhani kwamba neno likishapatikana kazi imekwisha. Neno "nano" halimwelezi mtu lolote mpaka aambiwe habari ya chembe ya damu na punje hamsini.

Wapo watakaosema kwamba tiba yenyewe haijafika katika hospitali za Kenya, na kwamba kuihangaikia lugha yake ni kumtayarishia mgeni kitanda kabla hajaanza safari. Hoja hiyo ingekuwa na mashiko kama lugha ingekuwa kitu cha kuagizwa kikahitajika siku hiyohiyo. Mgonjwa anayeombwa kushiriki katika jaribio lolote la tiba hutia sahihi karatasi ya idhini. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini karatasi hiyo ikitafsiriwa usiku mmoja na mtu asiyeijua sayansi, au na mwanasayansi asiyekijua Kiswahili, sahihi itakayotiwa haitakuwa idhini ya kitu chochote. Idara za Kiswahili zina watu wa isimu, wa tafsiri na wa fasihi walio na muda wa kuyafikiria haya sasa, pasipo mgonjwa anayengoja mlangoni.

Kuandaa maelezo mapema kuna faida nyingine: humlazimisha mwelezaji kuyasema hata yasiyopendeza. Makala ya magazeti hupenda kuzilinganisha punje hizi na mshale usiokosa shabaha. Mwaka wa 2016 watafiti wa Toronto waliyapitia matokeo ya majaribio yaliyochapishwa kwa muda wa miaka kumi kuhusu punje za namna mbalimbali, si za dhahabu pekee, wakapata kwamba kiwango cha kati kinachofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 tu ya kile kinachotiwa mwilini. Mshale huo basi hukosa shabaha mara nyingi kuliko kuipata, na kinachomlinda mgonjwa ni kwamba mwanga huelekezwa mahali pamoja. Tena mwanga wenyewe, hata wa infraredi, hupenya sentimita chache. Ndiyo sababu madaktari wa New York walilazimika kuuingiza kwa nyuzi hadi ndani ya tezi. Tiba inayohitaji kujua ni wapi pa kumulika haina la kumfanyia mtu ambaye saratani imeshatawanyika mifupani. Katika nchi ambayo wagonjwa wengi huwasili hospitalini wakiwa wamechelewa, maelezo yanayoliacha hilo ni ya hadaa, hata yakiwa na istilahi sanifu kila mstari.

Chukulia, basi, kwamba siku hiyo imefika, na daktari kijana ameketi mbele ya mzee wa miaka sabini ambaye Kiingereza chake ni cha salamu. Kwa Kiswahili cha kawaida anaweza kusema hivi: "Mzee, leo tutakutilia kwenye mshipa maji yenye punje ndogo sana za dhahabu. Punje hizo si dawa. Hazitakuponya, wala usizitegemee leo. Nyingine zitajificha ndani ya uvimbe zingoje. Kesho ni lazima urudi, maana kesho ndiyo siku ya tiba yenyewe. Tutaingiza uzi mwembamba wa mwanga mpaka kwenye tezi. Mwanga ukizikuta punje, zitapata moto, na huo moto ndio utakaouunguza uvimbe. Mwanga huu si ile mionzi ya mashine kubwa." Hakuna neno hata moja hapo lililohitaji kikao cha kamati.

Mzee atayatafakari hayo, kisha aulize lile ambalo mtu mwenye akili timamu hana budi kuliuliza: "Sawa, daktari. Na hiyo dhahabu itatoka lini?"

Aliyeambiwa kwamba ametiwa dawa asingeuliza swali hilo, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba dawa huisha nguvu ikatoka mwilini. Dhahabu haiishi. Sehemu kubwa ya punje huchukuliwa na ini na wengu, na huweza kukaa humo kwa muda mrefu mno. Daktari atalazimika kumwambia mzee hivyo, amweleze pia waliotibiwa wamefuatiliwa kwa muda gani, kisha anyamaze amwachie nafasi ya kuamua.